Bodi ya shule Marekani: nani anachagua, nani analipa, na kwa nini watu wanagombana

Mtu aliyesoma Tanzania au Kenya akisikia "bodi ya shule" anawaza wazazi na wazee wachache wanaokutana mara moja moja kujadili madawati, choo kilichobomoka na watoro wa kidato cha tatu. Bodi ya namna hiyo ni ya shule moja. Haiajiri walimu wa serikali, kwa sababu Kenya kazi hiyo ni ya TSC, tume ya kuajiri walimu, na Tanzania mwalimu ni mtumishi wa umma. Haitozi kodi, na haiamui nini kifundishwe darasani. Ndiyo maana tukiona video za Wamarekani wakifokeana kwenye kikao cha bodi ya shule hadi usiku mwingi, polisi wamesimama mlangoni, tunajiuliza hawa wanagombania nini hasa.

Wanagombania serikali. Ni ndogo, lakini ina mamlaka ya kutoza kodi, kuajiri mamia ya watu, kukopa fedha za kujenga, na kuweka kanuni zinazomfuata mtoto kuanzia chekechea hadi anapomaliza sekondari. Kwa kuwa Marekani ina wilaya za shule takriban 13,000 na kila jimbo lina sheria zake, ukizieleza zote kwa mkupuo utamchanganya msomaji. Nitachukua moja: Central Bucks, kaskazini mwa Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania. Ni eneo la vitongoji hasa, nyumba zenye bustani, barabara za kuelekea mjini, na mji mdogo wa Doylestown katikati. Kwa miaka michache limekuwa likitajwa nchi nzima kwa sababu ya ugomvi wa bodi yake.

Wilaya ya shule si wilaya tuliyoizoea

Neno "wilaya" hapa linapotosha kidogo. Wilaya ya shule haina mkuu wa wilaya, wala haiko chini ya meya. Central Bucks inakusanya miji na vitongoji tisa, na kila kimoja kina halmashauri yake, mingine na polisi wake. Kuhusu shule, halmashauri hizo hazina kauli. Kauli ni ya watu tisa waliochaguliwa, ambao wana shule 23 chini yao (15 za msingi, tano za kati na tatu za sekondari) na wanafunzi wapatao 17,000.

Watu hao tisa hawalipwi. Sheria ya Pennsylvania inasema mjumbe wa bodi anafanya kazi bila mshahara, kwa muhula wa miaka minne. Wanakutana jioni baada ya kazi zao, wanapitisha bajeti ya mamia ya mamilioni ya dola, kisha asubuhi wanarudi ofisini kwao kama watu wengine. Mimi huona hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika mfumo huu, na ni nadra kutajwa: taasisi yenye fedha nyingi namna hii inaendeshwa na watu wa kujitolea.

Kazi kubwa ya bodi ni kumwajiri mkurugenzi mkuu wa elimu wa wilaya, ambaye ndiye mtendaji. Bodi haimpangii mwalimu vipindi. Inapitisha sera, inasaini mkataba na chama cha walimu, inapitisha bajeti, inaweka kiwango cha kodi. Mkurugenzi mkuu anatekeleza. Wapiga kura wengi wanadhani wanamchagua mtu wa kwenda kurekebisha darasa la mtoto wao, kumbe wanamchagua mwajiri wa mtu mmoja.

Kodi inayobishaniwa

Fedha za shule za Marekani zinatoka sehemu tatu: serikali kuu hutoa kidogo, na sehemu kubwa hugawanywa kati ya jimbo na wenyeji. Katika vitongoji vyenye uwezo vya Pennsylvania, mzigo mkubwa huwaangukia wenyeji, na kodi yenyewe hasa ni ya nyumba na ardhi.

Hesabu yake inafanywa kwa kipimo kinachoitwa mili. Mili moja ni dola moja kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba kama ilivyoandikwa kwenye daftari la kaunti. Hapo pana kichekesho cha Bucks: kaunti hii ilithaminisha nyumba zake zote kwa mara ya mwisho mwaka 1972. Kwa hiyo nyumba inayouzwa leo kwa nusu milioni ya dola inaweza kuwa imeandikwa daftarini kwa dola 40,000 hivi. Tuchukulie wilaya inatoza mili 130. Mwenye nyumba hiyo atalipa 40 mara 130, yaani dola 5,200 kwa mwaka, kwa shule peke yake. Kodi ya kaunti na ya mji inafuata pembeni.

Mzee aliyestaafu, watoto wake wameshamaliza shule zamani, naye analetewa bili hiyo hiyo. Kijana aliyehamia juzi na watoto watatu analetewa bili hiyo hiyo. Mmoja anataka mili zishuke, mwingine anataka walimu wa kusoma waongezwe. Karibu kila uchaguzi wa bodi ya shule katika vitongoji una ugomvi huu chini yake, hata mwaka ambao hakuna anayeutaja kwa jina.

Bodi nayo haina uhuru wote wa kupandisha kodi. Tangu sheria ya mwaka 2006, jimbo linaweka ukomo wa ongezeko kila mwaka. Ukitaka kuuvuka, lazima uombe ruhusa kwa sababu maalumu au uwaulize wapiga kura kwa kura ya maoni. Vilevile sehemu kubwa ya matumizi haigusiki. Katika mwaka wa fedha 2023–24, kila wilaya ilitakiwa kupeleka kwenye mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo kiasi sawa na asilimia 34 ya mishahara, ingawa jimbo hurudisha sehemu. Elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu inalazimishwa na sheria ya shirikisho, uwe na fedha usiwe nazo. Mwanafunzi akihamia shule ya mkataba (charter, inayoendeshwa nje ya wilaya kwa fedha za umma), ikiwemo ile ya mtandaoni, wilaya yake ndiyo inayomlipia ada. Ukimsikia mgombea akiahidi kukata bajeti kwa asilimia kumi, muulize ataikata wapi.

Mgawanyo huu unazaa tofauti kubwa baina ya majirani. Februari 2023 mahakama ya jimbo iliamua kwamba jinsi Pennsylvania inavyozigharimia shule zake, kwa kutegemea mno utajiri wa nyumba za mahali, inavunja katiba ya jimbo. Kesi ilifunguliwa na wilaya kadhaa, ikiwemo William Penn, iliyo upande wa pili wa Philadelphia, ambako wazazi wanatozwa mili nyingi na bado shule hazitoshelezwi.

Uchaguzi ambao watu wengi hawautambui

Wajumbe wa bodi huchaguliwa miaka ya witiri: 2021, 2023, 2025. Rais na wabunge wa shirikisho huchaguliwa miaka ya shufwa. Mpangilio huo ulikusudiwa kuzitenga siasa za mitaa na siasa za kitaifa. Matokeo yake ni kwamba wanaojitokeza ni wachache zaidi, na kura za wachache hao hubeba uzito mkubwa.

Nusu ya kwanza ya uchaguzi ni kura za mchujo, Jumanne ya tatu ya Mei. Pennsylvania ni jimbo la mchujo uliofungwa: mwanachama wa Republican humchagua mgombea wa Republican, wa Democratic vivyo hivyo, na zaidi ya watu milioni moja waliojiandikisha bila chama hawana kura ya kuwateua wagombea. Lakini kwa nafasi ya bodi ya shule, sheria inamruhusu mgombea kujaza fomu za vyama vyote viwili kwa pamoja. Jina lake linaonekana kwenye karatasi ya Republican na ya Democratic. Akishinda pande zote mbili Mei, Novemba anakuwa hana mpinzani wa maana.

Waliotunga utaratibu huu waliona shule si mahali pa vyama, kwa hiyo mgombea mzuri ateuliwe na wote. Leo mara nyingi unatumika kama mkakati. Mtu wa chama kimoja anaingia kwenye karatasi ya chama kingine, jina lake halijulikani, mpiga kura anaona nafasi tano na majina kumi, anaweka alama kwa jina la kwanza. Asiyefuatilia anaweza kumteua mtu ambaye sera zake zote anazichukia. Ndiyo maana kila kituo cha kupigia kura siku ya mchujo kina watu wamesimama nje na vikaratasi: "hawa ndio wetu."

Fedha nazo hazina kikomo. Pennsylvania haiwekei ukomo mchango wa mtu binafsi katika kampeni hizi. Mwaka 2021 mwekezaji mmoja tajiri wa Doylestown alitoa karibu nusu milioni ya dola kwa wagombea wa bodi za shule jimbo zima, akiudhika na jinsi shule zilivyofungwa wakati wa korona. Katika uchaguzi ambao kijadi mgombea alichapisha vipeperushi kwa fedha za mfukoni, kiasi hicho kilibadilisha mizani.

Miaka miwili ya Central Bucks

Mwaka 2021 uchaguzi ulifanyika huku hasira za barakoa bado za moto. Warepublican walitoka na viti sita kwa vitatu. Kufikia Julai 2022 bodi ilipitisha sera ya maktaba iliyozuia vitabu vyenye "maudhui ya kingono" na kufungua njia ya watu kulalamikia kitabu kilichoko rafuni. Mwanzoni mwa 2023 ikapitisha nyingine iliyowazuia walimu kuonyesha darasani alama za kutetea jambo la kijamii au kisiasa, na kila mtu alielewa kwamba inalenga bendera za upinde wa mvua, alama ya wapenzi wa jinsia moja. Shirika la haki za kiraia ACLU lilikuwa tayari limepeleka malalamiko kwenye wizara ya elimu ya shirikisho, likisema wanafunzi wa LGBTQ (wapenzi wa jinsia moja na waliobadili jinsia) wanabaguliwa. Bodi ikaajiri mawakili wa nje kufanya uchunguzi wake yenyewe, uliogharimu zaidi ya dola milioni moja.

Hapa wengi wanaokuhadithia habari hii huishia kwenye vitabu. Sisemi vitabu ni jambo dogo. Mtoto anayekitafuta kitabu na kuambiwa hakipo anajua uzito wake. Lakini ukiangalia kilichofanywa na fedha, picha inapanuka. Katika mwaka huo huo wa 2023 bodi ilimpandishia mkurugenzi mkuu mshahara hadi dola 315,000, na hivyo kumweka miongoni mwa wanaolipwa zaidi katika nafasi hiyo jimboni. Wapinzani walikuwa na hoja mbili za kuuza mlangoni: moja kwa mzazi anayejali maktaba, nyingine kwa mzee anayejali mili.

Tarehe 7 Novemba 2023, viti vitano vilipigiwa kura. Wademocratic walishinda vyote vitano. Bodi ikageuka, sita kwa vitatu upande wa pili.

Sasa angalia kalenda. Wajumbe wapya huapishwa Desemba. Kati ya uchaguzi na kiapo kuna karibu mwezi mzima ambapo bodi iliyoshindwa bado ina nguvu zote. Wiki moja baada ya kura, mkurugenzi mkuu akajiuzulu, na bodi inayoondoka ikamwidhinishia kiinua mgongo cha zaidi ya dola 700,000. Kikao hicho hicho kilipitisha pia sera ya kuwagawa wanafunzi kwenye michezo kwa jinsia ya kuzaliwa. Watu walijaa ukumbini, wakasema, wakazomea, na kura ikapita. Kwa sheria bodi ilikuwa na haki ya kupiga kura hiyo. Kama unataka kuona uwezo halisi wa bodi ya shule uko wapi, uko pale: kalamu ya kusaini mkataba wa mtu mmoja.

Tarehe 4 Desemba wajumbe wapya walikula kiapo. Karen Smith, aliyechaguliwa tena na baadaye jioni hiyo akawa mwenyekiti, aliweka mkono juu ya rundo la vitabu vilivyolalamikiwa badala ya Biblia. Picha ikazunguka dunia. Bodi hiyo mpya, kabla watu hawajatawanyika, ilisimamisha sera za maktaba, za alama darasani na za michezo. Ilichukua jioni moja kusitisha kilichochukua miaka miwili kujengwa, na mwingine akishinda baada ya miaka miwili anaweza kukirudisha kwa jioni moja pia.

Jambo hili si jipya

Pennsylvania ina mfano wa zamani zaidi na mkali zaidi. Katika wilaya ya Dover, kaunti ya York, bodi ilipiga kura Oktoba 2004 kwamba wanafunzi wa biolojia wafahamishwe, kama mbadala wa nadharia ya Darwin ya mageuzi ya viumbe, hoja kwamba uhai lazima ulibuniwa na mwenye akili. Wazazi kumi na mmoja walikwenda mahakama ya shirikisho. Novemba 2005, kesi ikiwa imeshasikilizwa lakini hukumu haijatoka, wajumbe wanane waliokuwa wakitetea viti vyao waliangushwa wote. Tarehe 20 Desemba jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, akasema hoja hiyo ni dini iliyovikwa nguo za sayansi. Bodi mpya, ambayo haikuhusika na uamuzi ule, ndiyo iliyobaki na bili ya mawakili wa wazazi: dola milioni moja, kutoka kwa walipa kodi wa Dover.

Philadelphia yenyewe, kusini mwa Doylestown, haina uchaguzi wa namna hii kabisa. Bodi yake ya watu tisa huteuliwa na meya na kuthibitishwa na baraza la jiji, na haina mamlaka ya kutoza kodi. Inasubiri jiji na jimbo. Kuanzia 2001 hadi 2018 jimbo liliichukua na kuiendesha kwa tume. Watoto wa wilaya hii, iliyo kubwa kuliko zote jimboni, wengi wao weusi na maskini, wako chini ya bodi ambayo wazazi wao hawaichagui, wakati jirani yao wa kitongojini anachagua yake na kuifukuza. Waliozoea kusema Marekani shule ni za wananchi wanahitaji kuongeza: ya wananchi wa wapi?

Kwa Mswahili aliyehamia huko

Pennsylvania ina Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, hasa waliopokelewa kama wakimbizi Lancaster na Erie, na Wakenya na Watanzania wametapakaa vitongojini. Wengi wao wana watoto shuleni na hawajawahi kwenda kwenye kikao cha bodi.

Kupiga kura ni kwa raia pekee. Mwenye green card hana kura Pennsylvania, hata kwa bodi ya shule, na hata kama analipa kodi ya nyumba kila mwaka. Kuna miji michache Marekani, kama San Francisco, inayowaruhusu wazazi wasio raia kupiga kura ya bodi ya shule, lakini Pennsylvania haimo. Hili halina mzaha: asiye raia akijiandikisha, hata kwa kubofya kimakosa akichukua leseni ya udereva, anaweza kuharibu maombi yake ya uraia. Skrini ikikuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura na wewe si raia, jibu hapana.

Yaliyobaki yako wazi kwa kila mtu. Vikao vya bodi lazima vifanyike hadharani na vitoe nafasi ya wakazi na walipa kodi kuzungumza kabla ya kura. Kwa kawaida unajiandikisha kwenye karatasi mlangoni, unapewa dakika chache, unataja jina na mji unaoishi, unasema. Wajumbe mara nyingi hawajibu papo hapo. Usidhani kuwa wamekupuuza, ndivyo utaratibu ulivyo. Ajenda huwekwa hadharani saa 24 au zaidi kabla ya kikao, na hapo ndipo pa kuangalia, maana kipengele cha kiinua mgongo cha laki saba kinaweza kukaa katikati ya orodha ya matengenezo ya paa.

Shule nayo ina wajibu wa kisheria wa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Ukiitwa kwa suala la mtoto na Kiingereza chako hakitoshi, omba mkalimani wa Kiswahili. Si hisani, na hutakiwi kumtumia mtoto wako mwenyewe kutafsiri kesi yake.

Aliyepata uraia na anataka kuingia kwenye mchezo wenyewe, aanze na mwezi wa Mei na si Novemba. Ajiandikishe siku 15 kabla ya mchujo, na kama anataka kusema lolote kuhusu nani ateuliwe, ajiandikishe chini ya chama kimojawapo kati ya viwili. Mchujo unaofuata wa bodi za shule jimboni ni Mei 2027. Bajeti haisubiri hata hivyo: kila mwaka bodi lazima iipitishe kabla ya Juni kwisha, uchaguzi uwepo usiwepo, na vikao vya bajeti vya Mei na Juni kwa kawaida ndivyo vyenye viti vingi vitupu.